Uza Mtandaoni kwa Simu Uliyonayo

Ninauza vikapu na mikeka ya ukindu hapa Dar es Salaam. Wateja wangu wengi hatujawahi kuonana ana kwa ana. Wajasiriamali wenzangu huniuliza nilimlipa nani anitengenezee tovuti. Sina tovuti. Ninatumia programu za bure, Lipa Namba, bodaboda na mabasi ya mikoani. Mtaji mkubwa wa biashara hii ni kuaminika, na kila hatua ninayoieleza hapa inalenga hilo.

1. Fungua duka kwenye WhatsApp Business

Programu hii ilitoka mwaka 2018 na hailipiwi. Tenga laini ya biashara, usichanganye wateja na ndugu. Katalogi yake inabeba hadi bidhaa 500, na bidhaa iliyoisha unaificha mpaka upate nyingine. Kuna majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, na lebo za kutenga aliyelipa na ambaye bado. Instagram itumie kuonekana, kisha mlete mnunuzi WhatsApp. Mwombe ahifadhi namba yako, kwa sababu matangazo ya pamoja humfikia aliyeihifadhi tu.

2. Andika bei

"Bei njoo inbox" inafukuza wateja. Anayetazama kikapu chako saa nne usiku anataka kujua papo hapo kama atakimudu. Akikosa jibu, anahamia kwa muuzaji mwingine. Andika bei, vipimo kwa sentimita, na nauli ya mzigo kando. Unaogopa washindani? Mshindani akitaka bei yako atakuuliza akijifanya mteja.

3. Piga picha zako mwenyewe

Mwanga wa asubuhi karibu na dirisha unatosha. Picha ya kwanza ionyeshe kikapu kizima, ya pili mishipi ilivyoshonwa, ya tatu mtu amekishika ili ukubwa ueleweke. Usiazime picha za mtandaoni. Mteja akipokea kitu tofauti na alichokiona, hanunui tena, na atawaambia wenzake.

4. Rahisisha malipo, lakini hakiki

Lipa Namba humwonyesha mteja jina la biashara kabla hajathibitisha malipo, na hilo humwondolea wasiwasi. Nawe, ukipata ujumbe kwamba umelipwa, angalia salio kwanza: matapeli hutuma SMS za kughushi. Mteja wa Dar ninakubali alipe mzigo ukimfikia. Wa mikoani hutanguliza malipo, nami humtumia video fupi ya mzigo wake ninapoufunga.

5. Safirisha kwa uangalifu

Mjini, chagua madereva wachache wa bodaboda wanaofahamika kijiweni, mpatane bei ya kila eneo mapema. Mikoani, tumia ofisi za mabasi. Juu ya mzigo andika jina la mpokeaji, namba yake ya simu na kituo atakachouchukulia. Kisha mtumie picha ya stakabadhi, namba ya basi na namba ya wakala wa kule. Bidhaa za ukindu zikifungwa zikiwa na unyevu huota ukungu, hivyo mimi huzianika kwanza, halafu nazifunga kwa karatasi ngumu na kamba ya katani.

6. Tumia fedha pale zinapozaa

Tangazo la kulipia Instagram unalipangia kiasi na siku mwenyewe, na unaweza kulisimamisha wakati wowote. Tangaza bidhaa ambayo tayari watu wanaiulizia. Tangazo halifufui bidhaa isiyotakiwa. Biashara ikisimama, irasimishe. TIN hutolewa na TRA bila malipo, na jina la biashara unalisajili BRELA kupitia mtandao. Ukiwa na hivyo, hata ofisi na hoteli zitaweza kununua kwako, kwa kuwa zinahitaji risiti na jina linalotambulika.

Kinachonifanya niupende mfumo huu ni kwamba unakwenda na hali yako. Mwezi mgumu hudaiwi kodi ya fremu. Msimu wa harusi unaongeza bidhaa na kumwita msaidizi.

Basi usisubiri mtaji mkubwa. Leo hii chagua bidhaa tano, zipige picha, ziandikie bei na uziweke kwenye katalogi. Tovuti utaijenga siku ambayo oda zitakuwa nyingi kuliko simu yako inavyoweza kuzibeba.