Antibiotiki Mbili kwa Dalili Moja

Swali: Kwa nini mwanaume anayetokwa na usaha uumeni, akifika zahanati mjini Babati, huandikiwa antibiotiki mbili kabla ya kipimo cha maabara?

Jibu: Utaratibu huo huitwa matibabu kwa dalili, yaani tabibu hutibu vijidudu vikuu viwezavyo kuleta dalili hiyo, kwa kuwa kisonono na klamidia mara nyingi huandamana, na kumsubirisha mgonjwa majibu ni kumrudisha nyumbani akiwa bado anaambukiza. Kwa kawaida huchomwa sindano moja ya seftriaksoni, inayolenga kisonono, kisha hupewa doksisaiklini ya miligramu 100, kutwa mara mbili kwa siku 7. Utafiti uliofanyika vijijini Mwanza kati ya 1991 na 1994 ulionyesha kuwa kuboresha matibabu ya namna hiyo kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Mwenzi naye lazima atibiwe, jambo linalopuuzwa mno, ingawa bila hilo usaha hurudi.