Mnyama Akiteswa Mtwapa, Mwite Nani Kwanza?

Umemwona punda kando ya barabara ya Malindi. Mzigo umemzidi, kidonda begani kinavuja, na bado anachapwa. Usianze kwa kugombana na mwenyewe. Usikimbilie kurusha video WhatsApp pia. Tafuta mtu aliyesomea wanyama. Kesi ya mnyama bila neno la mtaalamu haifiki mbali, na hapa Kilifi wataalamu wako karibu kuliko unavyodhani.

Sheria ipo. Inaitwa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi, kumnyima chakula na maji, kumsafirisha kwa namna ya kumtesa, na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ameumia. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kwa maoni yangu faini hiyo imepitwa na wakati kabisa, maana haifiki hata bei ya mbuzi. Lakini kifungo bado kinatisha, na mara nyingi kutajwa tu kunatosha kumfanya mtu ashushe mzigo.

Shida iko kwenye ushahidi. Askari anaweza kumkamata mwenye punda, ila hajasomea kwato wala vidonda. Akiambiwa, "Hiki ni cha jana tu, nampaka dawa," atajibu nini? Daktari wa mifugo ndiye anayeweza kuandika kwamba kidonda ni cha siku nyingi na kwamba punda hakufaa kufungwa mkokoteni. Karatasi hiyo ndiyo inayoipa sheria meno.

Basi anza na ofisi ya mifugo ya kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kusimamia wanyama na ustawi wao, pamoja na vichinjio na minada ya mifugo. Usikubali kuambiwa hilo ni jambo la Nairobi. Muulizie daktari wa mifugo wa Kilifi Kusini, na useme mapema kama uko upande wa wadi ya Shimo la Tewa au Mtepeni. Utaokoa muda.

Hakikisha ni daktari kweli. Madaktari na wasaidizi wao husajiliwa na Kenya Veterinary Board, chini ya sheria ya 2011. Omba nambari ya usajili. Mwuza dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema na mzoefu, lakini kama hakusajiliwa, ripoti yake itapingwa mahakamani kabla hujakaa kitini.

Sasa jambo la maana kuliko yote: eleza unachokiona, usieleze unavyohisi. "Ng'ombe anateseka" haimsaidii daktari wala hakimu. "Ng'ombe amefungwa juani tangu asubuhi, ndoo ni kavu, mbavu zote zinahesabika" inasaidia. Tazama vitu vinavyopimika. Je, punda anauweka mguu chini, au anaunyanyua? Kidonda ni kikubwa kama nini? Kuku wa broila wanatembea, au wamelala na hawainuki hata ukiwakaribia? Kwa ng'ombe, tazama ubavu na uhesabu anavyopumua kwa dakika moja. Akipita mara 60 akiwa amesimama tu kivulini, joto limemzidi. Andika saa, mahali na hesabu yako. Piga picha ya mnyama mzima, kisha ya sehemu iliyoumia.

Sijabuni njia hii. Umoja wa Ulaya ulianzisha kituo chake cha kwanza cha wataalamu wa ustawi wa wanyama mwaka 2018, kikishughulikia nguruwe. Baadaye vikaja vya kuku, na vya ng'ombe, mbuzi, farasi na punda. Vituo hivyo havimkamati mtu. Kazi yao ni kuwapa wakaguzi vipimo na mafunzo, ili mkaguzi wa nchi moja na mwenzake wa nchi nyingine wakimtazama mnyama yuleyule waone kosa lilelile. Kwetu kazi hiyo imegawanyika mikononi mwa taasisi kadhaa, kwa hiyo ni juu yako kujua nani anafanya nini.

Mnyama akifa, fikiria Mariakani. Pale kuna maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo inayohudumia Pwani. Inasaidia kutenganisha ugonjwa na sumu, au ugonjwa na uzembe. Mwenye mifugo akidai walikufa kwa maradhi, majibu ya maabara yatamthibitisha au yatamkana. Pitia kwa daktari wako, achukue sampuli yeye. Kwa kuku, peleka mizoga siku hiyohiyo ikiwa imepozwa kwa barafu, lakini usiigandishe. Na hili ulishike sana: ng'ombe akifa ghafla, akatoka damu puani au nyuma, na damu yenyewe haigandi, msimpasue, msimchune, msile. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Mwiteni daktari mzoga ukiwa mzima.

Ripoti za wataalamu hufika mbali kuliko kesi moja. Kumbuka sakata la punda. Mwaka 2019, KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na mifugo, ilitoa hesabu: punda 301,977 walichinjwa Kenya kati ya 2016 na 2018, na kwa mwendo ule wangeweza kuisha nchini kufikia 2023. Wananchi walikuwa wamelia kitambo kwamba punda wao wanaibwa usiku. Hesabu ilikipa kilio chao uzito, na Februari 2020 waziri Peter Munya akapiga marufuku uchinjaji huo wa kibiashara. Mahakama Kuu ililifuta agizo hilo mwaka 2021, kwa hiyo mambo hayakuishia pale. Hata hivyo, ujue kwamba takwimu unazompa afisa wa mifugo leo ndizo zinazojenga ripoti ya kesho.

Ukienda polisi, hakikisha malalamiko yako yameandikwa, na usiondoke bila nambari ya OB. Mpe daktari nambari hiyo aiweke kwenye ripoti yake. Majalada mawili yasiyojuana hupotea kwa urahisi.

Kabla hujafika huko, jiulize kama mwenye mnyama ni katili au ameishiwa. Ng'ombe wengi wanaokonda hapa kwetu kati ya Januari na Machi wamekosa majani tu, na mwenyewe naye hana kitu. Huyo msimpeleke kortini. Mpelekeni KALRO hapahapa Mtwapa, kituo ambacho kimefanya utafiti wa malisho na ng'ombe wa maziwa wa Pwani tangu enzi kikiitwa KARI. Akapate ushauri wa nyasi za nepia na miti ya lishe kama glirisidia. Lamu walielewa hili zamani. The Donkey Sanctuary ilipofungua kliniki pale mwaka 1987, ilitibu punda bure na ikawatuza wenye punda waliotunzwa vizuri. Watu wakaja wenyewe.

Kichinjioni, mtu wako ni mkaguzi wa nyama. Anatakiwa kumkagua mnyama akiwa hai, si nyama peke yake. Ukiona ng'ombe aliyevunjika mguu anaburutwa kwa kamba, mwambie yeye kwanza. Na kama kisu kinanolewa mbele ya mnyama, mwone imamu pia. Dini imekataza jambo hilo waziwazi, na mchinjaji atamsikiliza imamu haraka kuliko atakavyomsikiliza askari.

Idi ya kuchinja ndiyo kipimo kikubwa cha mwaka. Malori ya mbuzi hushuka kutoka Bamba na kwingineko, yakiwa yamejaa hadi mnyama hapati pa kusimama. Usingoje siku yenyewe. Wiki 2 kabla, nendeni ofisi ya mifugo mkiwa watu kadhaa wa mtaa, na mwombe afisa awepo mahali malori yanaposhushia mzigo. Kila lori liwe na kibali cha kusafirisha mifugo, naye ana haki ya kukiomba. Nyinyi tayarisheni maji na kivuli.