Utao Ulioanguka: Vivinjari na Uwasilishaji wa Ushairi wa Hati ya Kiarabu

Shairi husikika kwa masikio, lakini umbo lake hutambuliwa pia kwa macho. Ukwapi ukikaa sambamba na utao, msomaji huihesabu mishororo bila taabu. Mpangilio huo ukivurugika katika ukurasa wa wavuti, ubeti wa tarbia huonekana una mishororo minane badala ya minne. Makala haya yanachunguza chanzo cha mvurugiko huo.

Suala hili linaigusa Utange, Kisauni. Hapo, katika miaka ya 1990, palikuwa na kambi ya wakimbizi waliotoka Somalia, wakiwamo Wabarawa, wasemaji wa Chimwini. Baadaye wengi walihamia Uingereza na Marekani. Tungo zao za dini, ambazo Dada Masiti (aliyefariki 1919) ni miongoni mwa watunzi wake mashuhuri, zilihifadhiwa kwa hati ya Kiarabu. Kwa jamii iliyotawanyika hivyo, anayeuweka utungo mtandaoni hawezi kumchagulia kivinjari nduguye aliye ng'ambo.

Kwa kanuni za CSS, lugha inayoratibu sura ya kurasa tangu 1996, upana unaotajwa ni wa maandishi peke yake. Nafasi ya ndani na mpaka huongezwa juu yake. Internet Explorer 5 ilivihesabu vyote pamoja, na toleo la 6 la mwaka 2001 liliendelea hivyo kila ukurasa ulipokosa tamko la DOCTYPE. Chukulia fremu ya pikseli 600 yenye masanduku mawili yanayoelea kushoto, moja la ukwapi na jingine la utao. Kila moja lina upana wa 300, nafasi ya ndani 20 na mpaka 5 kila upande. Katika kivinjari hicho masanduku yalienea barabara. Katika Firefox, iliyotoka 2004, kila sanduku hufikia 350, jumla 700. La pili hukosa mahali, na utao huangukia chini ya ukwapi. Internet Explorer ilistaafishwa 2022, ila kurasa zilizopimwa kwayo bado zinaanguka vivyo hivyo. Tiba yake ni amri moja: box-sizing: border-box.

Kasoro ya herufi ni nyepesi zaidi: fonti isiyo na «pe» au «che» huacha visanduku vitupu, au herufi ya fonti nyingine hujipenyeza katikati ya neno.

Kasoro nzito ni ya mwelekeo. Amri dir="rtl" huyapanga maneno kutoka kulia, lakini haligeuzi sanduku lililoamriwa kuelea kushoto. Ukwapi hubaki kushoto. Msomaji wa hati ya Kiarabu huanzia kulia, akakutana na utao kwanza. Vina vya mwisho hugeuka vya kati, na vya kati vikawa vya mwisho. Mhakiki asiyelijua hilo huweza kumlaumu mtunzi au mnukuzi, ilhali hati yenyewe ni sahihi. Masanduku yakielea kulia, au yakipangwa kwa display: flex ambayo huufuata mwelekeo wa maandishi, ukwapi hurejea mahali pake.