Mbao za paina: chagua kabla hujalipa

Mbao nyingi za paina zinazotumika kuezekea nyumba Tanzania hutoka Nyanda za Juu Kusini: Mafinga, Njombe na vijiji vya jirani na shamba la miti la Sao Hill. Paina haina ubaya. Ubaya uko kwenye miti inayokatwa kabla haijakomaa, ikapasuliwa leo na kesho iko kwenye lori ingali mbichi. Mbao hizo hukaukia juu ya kenchi: hujipinda, misumari hulegea na mabati hukaa upogoupogo.

Ukifika kwa wauza mbao, usikubali kupakiliwa rundo zima. Pitia ubao mmoja mmoja.

1. Tazama kichwa cha ubao. Pete pana ni dalili ya mti uliokua haraka, na mbao zake huwa laini. Ukiona na kiini cha gogo, uache. Huo ndio wa kwanza kujisokota na kupasuka.

2. Inua ncha moja, fumba jicho, tazama ukingo wake mpaka mwisho kama mpiga shabaha. Uliopinda kidogo fundi ataunyoosha kwa misumari. Uliojisokota haunyooki.

3. Kagua vifundo. Kidogo kilichoshikamana hakina neno. Kikubwa kilichokaa ukingoni, au cheusi kinachocheza ukikibonyeza, ndipo ubao utakapokatikia.

4. Pima kwa futikamba, ncha zote mbili na katikati. Mbao za 2 kwa 4 zikipishana upana, paa litakuwa na mawimbi.

5. Ukiambiwa mbao zimetiwa dawa ya kuzuia wadudu, usiamini ukijani wa nje. Lipia ubao mmoja kwanza, ukatwe katikati, si kwenye ncha, maana nchani dawa hupenya kwa urahisi. Dawa iliyosukumwa kwa mtambo huonekana imeingia ndani. Ya kupaka huishia juujuu.

6. Zikifika nyumbani, zipange kivulini juu ya matofali, kila safu ikitenganishwa kwa vijiti vilivyonyooka mstari mmoja toka chini hadi juu, kisha weka uzito juu yake. Ziache zipigwe na upepo wiki kadhaa kabla fundi hajazigusa.

Muuzaji akikukatalia kuchagua, nenda kwa jirani yake. Ubao mbovu hukataliwa sokoni; ukishapigiliwa bati juu yake, hasara ni yako.