Jumamosi za Chokaa

Shikamoo Shangazi. Mimi na mdogo wangu tumeachiwa na marehemu baba nyumba ya mawe ya ghorofa moja, Kiponda, Unguja. Lipu ya chini inabanduka na dari ya chumba kimoja imeinama. Mafundi wawili wametutajia bei iliyotushinda. Rafiki zetu watano wamejitolea kuja kila Jumamosi. Mmoja anasema tupige saruji tumalize mara moja, mwingine tuvunje ukuta wa kati chini tupate duka. Mume wangu anahofia tutaharibu nyumba na urafiki kwa pamoja. Tufanyeje?
Mrithi, Kiponda

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Wapokeeni rafiki zenu, wala msiwaonee haya. Ila huyo wa saruji mkatalieni, na huyo wa ukuta mkatalieni mara mbili.

Nyumba zetu zimebebwa na kuta zenyewe. Boriti za mkandaa zinatoka ukuta huu hadi ule, na ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake hauzidi sana mita tatu: boriti haifiki mbali zaidi ya hapo. Ukuta wa kati mnaouona unakula nafasi huenda unabeba dari za pande zote mbili. Ninyi watu wa Mji Mkongwe hamhitaji kuhadithiwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa.

Kwa hiyo chumba cha dari iliyoinama kifungeni leo, asiingie mtoto wala rafiki. Boriti huoza kwanza kwenye ncha, pale inapoingia ukutani, kwa kuwa ndipo maji yanapotuama. Katikati utaiona nzima kabisa. Fundi anayezijua nyumba za mawe aweke kwanza mirunda ya kuegemeza, ndipo achokoe ncha kwa bisibisi. Bisibisi ikizama kama kwenye ndizi mbivu, boriti hiyo imekwisha. Fedha kidogo mliyonayo mpeni fundi huyo kwa kazi hiyo tu, na rafiki zenu wawe wasaidizi wake. Umeme nao, fundi mwenye leseni.

Sasa saruji. Mama yangu mdogo alikuwa na nyumba kama yenu, nasi kwa mapenzi tukampigia saruji ukuta wa sebuleni, futi nne kutoka chini. Ilipendeza mwaka mmoja. Mwaka wa pili unyevu ukajitokeza juu ya saruji, chumvi ikachanua nyeupe, ukigusa inamwagika kama unga wa muhogo. Tulipokuja kuibandua ilitoka na mawe yake, na nyuma udongo umekuwa tope. Mawe ya matumbawe, udongo na chokaa hunywa maji na kuyatoa tena kwa hewa. Tulikuwa tumemziba mgonjwa pua. Mpaka leo naumia nikiukumbuka ukuta ule.

Chokaa ndiyo dawa, na hapa ndipo rafiki zenu wanapofaa kuliko mnavyodhani. Kazi ya chokaa ni ya mikono mingi na subira nyingi: tabaka jembamba, ngoja likauke, kisha jingine. Ukilipaka nene kwa haraka litapasuka. Kibarua wa kutwa kusubiri kwake ni hasara, lakini watu wa Jumamosi kwa Jumamosi wanaendana nayo barabara. Chokaa iliyokwisha kuzimwa mkiihifadhi kwenye pipa, maji yakiwa juu yake, haiharibiki hata kwa miezi.

Wabandue lipu ya zamani taratibu kwa patasi ndogo, wafagie ukuta, waunyweshe maji, kisha watomee: vijiwe vidogo na chokaa katika kila tundu, mpaka ukuta uwe sawa. Ndipo lipu. Wakiondoka, ninyi wenye nyumba mtundike magunia yaliyolowa na kurashia maji siku zote za kati, jua lisiichome. Chokaa inaunguza. Glavu na miwani kwa kila mtu; ikimwingia mtu jichoni, aoshwe kwa maji mengi papo hapo, kisha hospitali.

Kabla ya patasi ya kwanza, nendeni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mkaombe kibali. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na hata mlango haubadilishwi kienyeji. Waulizeni pia kuhusu mafundi wa chokaa.

Mume wako ana haki ya kuhofia, lakini urafiki hauharibiwi na karai la mchanga. Unaharibiwa na yasiyosemwa. Waambieni mapema ni Jumamosi ngapi, na kila siku kazi iishe adhuhuri. Anayeamuru kazini awe fundi peke yake, wala si mwenye sauti kubwa. Chai na mandazi asubuhi, pilau mchana, na wali usikosekane hata siku ambayo amefika mmoja. Tengeni fedha ya matibabu. Akiumia mtu, ni juu yenu. Na siku mmoja wao akijenga, au akifiwa, muwe wa kwanza kufika.

Yote hayo yatanguliwe na kusubiri mvua. Kuta zenu zinaumwa maji, na kupaka lipu kabla ya kujua yanakotoka ni kazi bure. Ikinyesha, mmoja wenu apite vyumba vya juu vilivyo salama na kipande cha chaki, achore duara kila panapodondoka, na aangalie bomba la choo cha juu. Kisha niandikieni mmehesabu maduara mangapi.