Hesabu ya Mche Usiozaa Bado



Kila mkutano mkuu huulizwa swali moja: fedha za kitalu zimetoka, karafuu ziko wapi? Swali hili ni la haki, wala halifai kutukasirisha. Lakini tukilijibu vibaya, tutafunga kitalu kizuri au tutaendeleza kibovu.

Tuanze mbali kidogo. Dindira, katika milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe, hulimwa chai. Mchai huanza kuchumwa baada ya miaka kama 3, na mkulima huiona faida ya fedha yake mapema. Mkarafuu hungojewa miaka 6 hata 8, na kuzaa kwake hakukamiliki mpaka yapata miaka 20. Tena ukizaa sana mwaka huu, mwaka ufuatao hupumzika. Kwa hiyo kulinganisha karafuu za mwaka huu na gharama za mwaka huu ni kosa. Karafuu hizi ni jasho la waliopanda zamani. Gharama hizi ni za karafuu zijazo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Aliyewapima waliopanda upya kwa mavuno ya mwaka wa pili angewaita wavivu bure.

Basi tupime nini?

Kwanza, miche iliyo hai. Tuseme chama kimetumia shilingi 2,000,000 kupanda miche 1,000. Kiangazi cha pili kikipita imebaki 800, kila mmoja umetugharimu shilingi 2,500. Ikibaki 500, ni shilingi 4,000. Jibu hili halingoji miaka 8.

Pili, palizi na mapengo yaliyojazwa. Anayepunguza palizi leo, daftari lake hupendeza. Hasara huja baadaye.

Tatu, mavuno yenyewe, kwa wastani wa miaka 4 au 5, yakilinganishwa na gharama zote tangu miche hiyo ilipopandwa.

Hata hivyo, neno “subirini” lisiwe pazia la uvivu. Siku ya kupanda, kamati iandike mwaka wa kuhesabu miche na mwaka wa kutazamia karafuu za kwanza. Mwaka ukifika na kitu hakuna, hapana budi ijibu mbele ya wanachama. Nasi wa ofisini tumo katika hesabu hiyo.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Katibu