Tunapohesabu Vijana Wenye Ulemavu, Tunamhesabu Nani?

Somo la robo hii linahusu takwimu. Takwimu ndizo zinazoamua nani apate mafunzo ya kujitegemea na nani abaki nyumbani.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Sensa ya 2012 ilitoa asilimia 9.3, na ya 2022 asilimia 11.2. Tusikimbilie kusema ulemavu umeongezeka, kwani namna ya kuuliza nayo hubadili hesabu. Ukiuliza, "Je, hapa kuna mlemavu?" wengine watakaa kimya. Ukiuliza kama yupo anayepata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, utapata majibu mengine.

Nchini Marekani, utafiti ulioanza mwaka 2000 uliwafuatilia vijana wenye ulemavu zaidi ya 11,000 kwa takribani miaka 10, hadi walipokuwa watu wazima. Vijana hao walichaguliwa kutoka orodha za shule. Kule inawezekana, kwa sababu tangu 1975 sheria inataka kila mtoto mwenye ulemavu apewe elimu ya umma. Kwetu Kilwa na Lindi, orodha ya shule peke yake huwaacha hawa:

1. Ambaye hakuandikishwa kabisa, au aliacha shule mapema.
2. Msichana aliyebaki nyumbani kusaidia kazi au kwa hofu ya wazazi juu ya usalama wake.
3. Anayeishi mbali, kama kisiwani Songosongo au vijiji vya Nanjilinji.
4. Kiziwi au mwenye ulemavu wa akili, ambaye mara nyingi hujibiwa na mtu mwingine.

Madhara yake ni nini? Mradi hupangwa kwa kumtazama kijana wa mjini aliyemaliza shule. Binti wa kisiwani, ambaye jamaa zake wanaishi kwa mwani na pweza, anapangiwa ushonaji mahali pasipo na wateja. Mradi ukishindwa, lawama humwangukia yeye.

Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inazitaka nchi kukusanya takwimu na kuzichanganua. Nasi tufanye hivyo katika miradi yetu. Kila taarifa ionyeshe jinsia, umri, aina ya ulemavu, kijiji na kama kijana amesoma. Tupite nyumba kwa nyumba pamoja na wenyeviti wa vitongoji, kwa Waislamu na Wakristo sawasawa, na tumuulize kijana mwenyewe.

Maswali ya kujadili
1. Katika orodha yetu, wasichana ni wangapi? Wasiosoma je?
2. Ni kitongoji gani hatujafika?
3. Nani alijibu kwa niaba ya kijana, na kwa nini?